Mita ya Mwanga ya Zamani: Inakosea Wapi, na Kiasi Gani?

Mita ya mwanga ya mkononi, yaani chombo kinachomwambia mpiga picha filamu inahitaji mwanga kiasi gani, ikiwa imetengenezwa nusu karne iliyopita huuzwa kwa maneno mawili: "inafanya kazi." Kinachomaanishwa ni kwamba mshale unainuka ukiielekeza dirishani. Hilo halitoshi hata kidogo. Mshale unaweza kuinuka vizuri, ukasema kweli juani, kisha ukakupotosha stopu mbili nzima (yaani mwanga mara nne) kivulini. Mita inayokosea stopu moja kila mahali ni chombo kizuri, kwa sababu kosa lake linajulikana na linarekebishika. Inayokosea nusu stopu asubuhi na stopu mbili jioni haifai kupewa filamu, hata ikiwa inang'aa kama mpya.

Tatizo ni kwamba makosa ya aina tatu huchanganyika yakaonekana kama kosa moja: makosa ya mkono wa anayepima, makosa ya namba zilizo kwenye kisahani (kile cha kuzungusha kinachogeuza jibu la mshale kuwa uwazi na kasi), na makosa ya chombo chenyewe. Watu wengi hulaumu la tatu bila kuchunguza mawili ya mwanzo.

Kipimo tutakachotumia

Stopu moja ni mwanga mara mbili, au nusu yake. EV ni hesabu ya stopu hizo: EV 0 ni uwazi wa lenzi wa f/1 kwa sekunde 1, na kila namba inayoongezeka ni stopu moja zaidi. Kwa ISO 100 (ISO ni kipimo cha wepesi wa filamu kuhisi mwanga), kitu kinachopigwa na jua kali kutoka mbele huhitaji takriban EV 15, yaani f/16 kwa 1/125 ya sekunde. Chumba chenye taa usiku huwa karibu na EV 5 hadi 7. Kutoka EV 7 hadi EV 15 ni stopu 8, sawa na mwanga mara 256, na tunaitaka mita moja iseme kweli katika masafa hayo yote. Ndiyo maana jaribio la sehemu moja tu halithibitishi kitu.

Seli tatu, tabia tatu

Seli ni sehemu ya mita inayohisi mwanga. Mita za seleni ndizo za zamani zaidi. Weston Universal 617 ya mwaka 1932 ilikuwa ya seleni, na zikafuata Weston Master, Gossen Sixtomat, Leningrad za Kisovieti, na Sekonic Studio zilizotokana na Norwood Director. Utazitambua kwa dirisha pana la kioo lenye vijilenzi vingi vilivyopangwa kama sega la nyuki, au kwa kuba jeupe la plastiki. Seleni huzalisha umeme wake yenyewe, hivyo hakuna betri. Udhaifu wake ni mwanga hafifu: nyingi hazina la kusema chini ya EV 4 au 5. Adui wake mkubwa ni unyevu, unaopenya pembeni mwa seli na kuozesha migusano ya umeme. Seli iliyokaa kwenye mfuko wake wa ngozi, sehemu kavu, huweza kuwa nzima baada ya miaka 60, na ya aina ileile iliyokaa penye unyevu ikawa imekufa. Umri peke yake hauelezi chochote.

Mita za CdS, yaani kadimi salfaidi, zilienea katika miaka ya 1960. Mfano maarufu ni Gossen Lunasix 3, iliyouzwa Marekani kwa jina Luna-Pro. CdS haizalishi umeme. Ni kizuizi kinachopungua kadiri mwanga unavyoongezeka, kwa hiyo betri ni lazima. Inasoma mwanga hafifu ambao seleni haiwezi kuuona, lakini ina kasoro mbili za kuzaliwa. Ya kwanza ni kumbukumbu: ukiitoa juani ukaingia nayo chumbani, huendelea kusoma mwanga mwingi kuliko uliopo mpaka itulie, na gizani kutulia huko kunaweza kuchukua dakika kadhaa. Ya pili ni kupenda wekundu, hivyo chini ya balbu za nyuzi inaweza kusoma juu kidogo.

Silikoni ilikuja baadaye na kumaliza karibu matatizo yote hayo. Luna-Pro SBC, inayotumia betri ya kawaida ya volti 9, ni ya kundi hili. Ukiwa nayo, sehemu kubwa ya wasiwasi ulioelezwa hapa haikuhusu, ila jaribio bado lifanye.

Namba kwenye kisahani

Kabla ya kuilaumu seli, soma kisahani. ASA, kipimo cha zamani cha Marekani cha kasi ya filamu, ni sawa na namba ya kwanza ya ISO, hiyo haina shida. DIN ya Kijerumani huenda kwa hatua: 21 ni sawa na ASA 100, na kila nyongeza ya 3 inazidisha kasi mara mbili, kwa hiyo 24 ni 200 na 27 ni 400. GOST ya Kisovieti, kabla ya kulinganishwa na ISO mwaka 1987, ilikuwa chini kidogo: GOST 90 huchukuliwa kuwa ISO 100. Weston nao walikuwa na skeli yao kwenye mita zilizotangulia Master III. Hapo chukua ISO ya filamu, zidisha kwa 0.8: filamu ya ISO 100 inawekwa kwenye 80, ya ISO 400 inawekwa kwenye 320. Ukisahau hatua hii utakosea theluthi ya stopu, nawe utadhani seli imechoka.

Kisahani chenyewe kinaweza kuwa kimelegea au kimefungwa vibaya na fundi aliyetangulia. Kikague kwa hesabu, bila mwanga wowote: weka ISO 100 na EV 15, kisha tazama kama 1/125 imekutana na f/16. Mita zinazosoma mishumaa kwa futi ya mraba (kipimo cha mng'ao), kama Weston nyingi, zina njia nzuri zaidi. Chukua mzizi wa mraba wa ISO uwe namba ya f, na namba inayoonyeshwa na mshale iwe kasi ya shata. Kwa ISO 125 tumia f/11. Mshale ukisema 250, kasi ni 1/250. Kisahani kikitoa jibu lililo ndani ya theluthi ya stopu kutoka hapo, kiko sawa. Hesabu hiyo pia hukuwezesha kutumia mita ambayo kisahani chake kimefutika kabisa.

Mkono wa anayepima

Kuna njia mbili za kupima, na kuzichanganya ndiko kunakozalisha picha nyingi mbaya kuliko seli zilizochoka.

Kwa mwanga unaoakisiwa, mita huelekezwa kwenye kitu. Haijui kitu hicho ni cheupe au cheusi. Inadhania kila kitu ni kijivu cha wastani. Ukipima shuka jeupe na kulitii jibu, shuka litatoka kijivu: fungua (ongeza mwanga) stopu moja na nusu hadi mbili. Ukipima koti jeusi, funga (punguza) kiasi kama hicho. Kosa la kila siku ni anga. Mita hizi huona kwa upana, nyingi kati ya nyuzi 30 na 60, na sehemu ndogo ya anga ikiingia kwenye pembe hiyo mshale huruka. Iinamishe mita kidogo kuelekea ardhini, na angalia kivuli chako kisianguke unapopima.

Ngozi inahitaji neno la ziada, kwa sababu maelekezo mengi ya zamani yaliandikwa kana kwamba uso wa mtu ni wa rangi moja duniani kote. Kanuni ya "pima uso kisha fungua stopu moja" ni ya ngozi nyeupe. Uso mweusi ukiupima kwa njia hii, mita itataka kuufanya kijivu cha wastani, na ngozi itatoka imepauka huku nguo nyeupe zikipoteza nyuzi zake. Kwa uso mweusi sana, funga stopu moja kutoka kwenye jibu la mita; kwa wa maji ya kunde, jibu la mita lenyewe huwa karibu na ukweli. Lililo salama zaidi ni kupima kiganja. Viganja vya watu havitofautiani sana kama nyuso zao, na vingi huakisi karibu stopu moja zaidi ya kijivu. Kielekeze kiganja kwenye mwanga uleule unaompiga mtu, pima, kisha fungua stopu moja.

Kwa mwanga unaoangukia, mita yenye kuba jeupe huwekwa pale alipo mtu au kitu, na kuba huelekezwa kwenye kamera. Hapa rangi ya kitu haina nguvu. Kwa picha za watu hii ndiyo njia ninayoipendekeza bila kusita. Makosa yake ni machache: kulielekeza kuba kwenye taa badala ya kamera, au kupima juani wakati mtu yuko kivulini. Kwenye Sekonic L-398 kuna kosa la tatu. Juani lazima uchomeke kile kibamba chenye matundu kinachopunguza mwanga, na kikiwa ndani namba inasomwa kwenye alama ya H. Ukikichomeka ukasoma alama ya kawaida, au ukakitoa ukasoma H, kosa ni la stopu nyingi, si la sehemu ya stopu.

Kwa njia yoyote, mita ya mkononi haioni kilicho mbele ya lenzi. Kichujio cha njano Na. 8 kinahitaji stopu 1 zaidi, chekundu Na. 25 kinahitaji 3. Ongeza mwenyewe.

Jaribio la kwanza: mshale

Ziba seli kabisa. Mshale ulale kwenye sifuri. Usipolala, kuna skrubu ndogo, mara nyingi mgongoni, ya kuurudisha. Kwenye mita ya betri, toa betri kwanza. Mita ikiwa bado imezibwa, ilaze, isimamishe, igeuze ubavu. Mshale ukihama zaidi ya unene wake mara mbili, mizani yake imeharibika, na itabidi kila mara uisome katika mkao uleule uliotumia wakati wa jaribio.

Halafu elekeza mita kwenye ukuta mmoja mara 5 mfululizo, ukiiziba katikati. Majibu yasipokubaliana ndani ya theluthi ya stopu, mshale unakwama. Wakati mwingine sababu si kutu wala vumbi: kioo cha plastiki kilichosuguliwa kwa kitambaa kikavu hubeba chaji ya umeme tuli inayouvuta mshale. Kipulizie pumzi, au kifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha rudia. Mita nyingi zimetangazwa kufa kwa sababu ya usafi wa namna hiyo.

Jaribio la pili: kulinganisha

Unahitaji rejea. Kamera ya dijitali inatosha. Tafuta ukuta usio na mapambo, ulio kivulini, unaoangazwa sawasawa. Kwenye kamera weka ISO 100 na kipimo cha doa (kinachosoma sehemu ndogo tu ya picha), ujaze fremu kwa ukuta, soma uwazi na kasi, ugeuze kuwa EV. Simama palepale na mita yako, uisogeze karibu kiasi cha kuona ukuta pekee, upime. Andika majibu yote mawili. Fanya hivyo kwenye viwango vitano angalau: juani, kivulini nje, karibu na dirisha, katikati ya chumba mchana, na chumbani usiku. Taa za LED zinazopepesa huweza kuidanganya kamera kwenye kasi kubwa, kwa hiyo chini ya taa hizo soma kwa 1/30 au polepole zaidi. Mita ya CdS ianze kwenye mwanga hafifu kuelekea juani, si kinyume chake, ili kumbukumbu ya seli isivuruge matokeo.

Usitarajie sifuri. ISO za kamera za dijitali zenyewe hutofautiana kidogo, na watengenezaji wa mita hawakukubaliana: wengine hutumia kigezo (namba ya kusawazishia mita) cha 12.5 kwa mwanga unaoakisiwa, wengine 14, tofauti ya moja ya sita ya stopu. Theluthi ya stopu ni makubaliano mazuri.

Hapa kuna mtego unaowatesa hata wazoefu. Watu hupima kadi ya kijivu ya asilimia 18 kwa mwanga unaoakisiwa, kisha hupima kwa kuba palepale, na majibu yakitofautiana hudhani sehemu moja ya mita ni mbovu. Ukiifanya hesabu, mita yenye kigezo cha 12.5 kwa mwanga unaoakisiwa na 340 kwa kuba inakubaliana na kadi inayoakisi takriban asilimia 12 tu. Kadi ya asilimia 18 itasoma juu kwa zaidi kidogo ya nusu stopu, na vipimo vyote viwili vitakuwa sahihi. Ukitumia kisahani bapa cheupe badala ya kuba, kigezo kikiwa 250, tofauti hushuka hadi karibu moja ya tano ya stopu.

Jaribio la tatu: balbu na futi kamba

Ukiwa huna rejea yoyote, bado unaweza kujua kama mita inahesabu stopu zake kwa usawa. Mwanga wa balbu hupungua kwa mraba wa umbali, kwa hiyo umbali ukizidishwa kwa 1.41, mwanga unapungua stopu moja kamili. Chukua chumba chenye giza, balbu moja isiyo na kifuniko, na weka mita yenye kuba kwenye sentimita 30, 42, 60, 85 na 120. Kila hatua ishushe EV 1. Balbu inayotoa lumeni 800 pande zote ingetoa karibu EV 8 kwenye sentimita 30 na EV 4 kwenye sentimita 120, ila namba zenyewe si muhimu sana hapa. Muhimu ni nafasi kati yake. Kuta nyeupe zinazorudisha mwanga huharibu jaribio, na dalili yake ni hatua za mwisho kuwa fupi kuliko za mwanzo. Tundika kitambaa cheusi nyuma ya balbu na pembeni. Mita ya seleni ikinyamaza kwenye hatua ya mwisho, hiyo ni tabia yake.

Mita yenye masafa mawili, kama Weston yenye kifuniko chenye matundu au Lunasix yenye swichi ya mwanga mkali na hafifu, ijaribiwe pia pale masafa hayo yanapopishana. Pima mwanga uleule kwa masafa yote mawili. Majibu yakiachana zaidi ya nusu stopu, umeshajua eneo la tatizo.

Kutumia ulichokipata

Panga tofauti zako kwa EV. Mita ikisoma stopu 1 chini kila mahali, inaona mwanga pungufu na itakuambia uzidishe; filamu itapata mwanga mwingi mno. Weka kisahani kwenye ISO 200 kwa filamu ya ISO 100, basi. Kosa likibadilika, kwa mfano sifuri juani na stopu 1 na nusu chini chumbani, marekebisho ya ISO hayafai: bandika mgongoni mwa mita karatasi yenye nyongeza ya kila kiwango. Kosa likizidi stopu 2 mahali, usiipime filamu mahali hapo kwa mita hiyo. Filamu ya negativu ya rangi au nyeusi na nyeupe huvumilia kuzidishiwa stopu 1 au 2, lakini kupungukiwa huua vivuli. Filamu ya slaidi haivumilii hata nusu stopu. Kwa hiyo mita isiyofikia usahihi wa theluthi isitumike nayo.

Mshale usipoinuka kabisa, tenganisha seli na galvanomita (sehemu yenye koili inayosogeza mshale) ujue nani amekufa. Seli iliyokatwa waya na kuwekwa juani ionyeshe mkondo kwenye multimita iliyo katika mikroampea. Ikionyesha sifuri, imekwisha. Galvanomita ijaribu kwa betri ya volti 1.5 kupitia rezista ya kilo-omu 100, ambayo hupitisha mikroampea 15 tu. Usiiunganishe betri moja kwa moja, wala usiipime kwa skeli ya omu ya multimita: koili yake ni waya mwembamba mno na huungua mara moja.

Betri za zebaki

Mita nyingi za CdS zilitengenezwa kwa seli za zebaki za volti 1.35, hasa PX625. Lunasix 3 inachukua mbili. Seli hizo zilikuwa na sifa moja ya thamani: volti haikubadilika mpaka siku ya kufa. Zimepigwa marufuku sehemu nyingi duniani, na mbadala zake hazifanani. Alkali ya volti 1.5 inaingia vizuri, lakini huanza juu na kushuka taratibu, kwa hiyo kosa la leo si la mwezi ujao. Kwa maoni yangu isitumike kabisa kwenye mita isiyo na saketi ya kusawazisha volti. Ya oksidi ya fedha, volti 1.55, haishuki, ila volti iliyozidi husukuma mshale juu na filamu hupungukiwa mwanga. Inahitaji adapta yenye diodi ya Schottky inayokula takriban volti 0.2. Ya zinki na hewa, ile ya 675 ya vifaa vya kusikia, hutoa volti 1.4 na ndiyo rahisi zaidi. Ni nyembamba kuliko PX625, kipenyo milimita 11.6 dhidi ya 16, hivyo izungushie pete ya mpira. Ukiondoa kibandiko chake isubiri dakika chache ivute hewa kabla ya kupima, na tegemea ife baada ya wiki kadhaa hadi miezi michache hata usipoitumia.

Ukikuta unga wa kijani au mweupe kwenye chumba cha betri, upake siki kwa pamba iliyoloweshwa kidogo, kisha ufute kwa spiriti na uache pakauke kabla ya kuweka betri mpya. Seli ya zebaki uliyoitoa usiifungue wala usiichome. Iende kwa wanaokusanya taka zenye sumu.